ENIAC: kuchomeka kebo kulikuwa sehemu rahisi

Picha za ENIAC, kompyuta ya kielektroniki ya miaka ya 1940, zinaposambaa mtandaoni, mara nyingi wanawake waliomo huelezwa kuwa walikuwa wakichomeka waya tu. Inauma, maana kebo zilikuja mwisho. Programu ilipangwa kwanza mezani, kwa penseli na karatasi.

Walikuwa sita: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Jeshi la Marekani liliwachagua mwaka 1945 miongoni mwa wanawake waliokokotoa njia za makombora ya mizinga. Kwa mashine ya hesabu ya mezani, njia moja ilichukua saa 30 hadi 40. Hakukuwa na mwongozo wa kupanga programu. Walipewa michoro ya paneli, na mwanzoni hawakuruhusiwa hata kuingia chumba cha mashine, pale Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kwa sababu ya usiri.

Tuchukue kazi ndogo kabisa: kujumlisha namba ya akyumuleta (paneli ya kuhifadhi na kujumlisha namba) ya kwanza kwenye ya pili. Zilikuwepo 20, kila moja ikibeba tarakimu 10 na alama ya chanya au hasi. Unaanza na njia ya namba: kebo kutoka tundu A, la kutumia namba, la akyumuleta ya kwanza hadi tundu la kupokelea la ya pili, tuseme lile lililoitwa alfa. (Ukitaka kutoa, unatumia tundu S.) Kisha unaweka swichi: ya kwanza itume, ya pili ipokee kupitia alfa. Halafu unaelekeza mpigo wa umeme wa kuanzisha ufike kwenye zote mbili kwa pamoja. Mikrosekunde 200 baadaye hesabu imekwisha, na unatoka mpigo mwingine wa kuamsha hatua inayofuata. Usipouunganisha popote, kazi inaishia hapo. Ukisahau swichi ya kufuta, namba ya zamani inabaki na ijayo inajumlishwa juu yake. Jibu linatoka safi kabisa, lakini si sahihi.

Ugumu hasa ulikuwa wakati. Paneli kadhaa zilifanya kazi kwa pamoja, na kuzidisha namba za tarakimu 10 kulichukua muda wa majumlisho 14. Tawi lililomaliza mapema lazima lisubiri, la sivyo hatua inayofuata itachukua namba ambayo bado haijakamilika. Hesabu hiyo ya muda waliifanya wao, hatua kwa hatua.

Marudio yalisimamiwa na paneli iliyoitwa masta programa. Usiku wa kuamkia maonyesho ya Februari 1946, hesabu ya kombora iligoma kusimama: kombora lilifika ardhini na hesabu ikaendelea kana kwamba linachimba chini. Asubuhi Betty Snyder alikwenda moja kwa moja kwenye swichi moja ya masta programa iliyokuwa imekosewa, akairekebisha. Mbele ya wageni, njia ya kombora linaloruka sekunde 30 ilikokotolewa kwa sekunde 20.

Makosa waliyasaka kwa kuendesha mashine hatua moja moja, wakisoma taa ndogo za neoni zilizoonyesha kila tarakimu. Katika mashine yenye vali (mirija ya kioo ya kielektroniki) zaidi ya 17,000, walifikia kumwonyesha fundi vali iliyoungua.

Mwaka 1948 ENIAC ilibadilishwa, Betty Jennings (wakati huo Jean Bartik) akiwa miongoni mwa walioipangia mfumo mpya. Kebo ziliachwa bila kuhamishwa, na maagizo yakawekwa kwenye swichi za majedwali ya namba, yaani paneli za kuwekea namba kwa mkono. Mashine ilipungua kasi, lakini kubadilisha kazi, ambako awali kuliweza kula siku nzima nzima, sasa kulichukua saa chache.