Manukato ya maua na matunda: ni yapi, na joto huyafanya nini

Manukato ya maua na matunda ni yale ambayo kiini chake ni harufu ya maua, kisha ikaongezwa harufu ya tunda moja au zaidi. Maua yenyewe mara nyingi huwa waridi, asumini au peoni. Matunda huwa pichi, peasi, tufaha, rasiberi, pasheni, hata tikiti maji. Tunda huliongezea ua umajimaji na utamu kidogo, lisinukie kikavu. J'adore ya Dior, iliyotoka mwaka 1999, ni mfano unaojulikana sana: maua tele, na matunda yanayosikika mapema unapojipulizia.

Wauzaji wengi husema kundi hili ni la msimu wa joto, na hapo sikubaliani nao moja kwa moja. Yapo yanayofaa jua kali kuliko manukato mengine yoyote. Yapo pia ambayo saa sita mchana hugeuka shira nzito, na mwenye kuyavaa pamoja na jirani yake wote wakakinaishwa. Kwenye chupa yote huandikwa maua na matunda.

Tofauti inaanzia kwenye tunda lenyewe. Matunda ya jamii ya machungwa hutoa mafuta ya harufu kwa urahisi, maana maganda yake hukamuliwa tu. Pichi, peasi, tufaha na rasiberi si hivyo. Harufu unayoisikia kwenye chupa kwa kawaida imeundwa maabara. Jambo hili si jipya: kiambato chenye harufu ya pichi, gama-undekalaktoni, kilitumika katika Mitsouko ya Guerlain mwaka 1919, ingawa manukato hayo ni ya kundi jingine. Hata baadhi ya maua ni hivyo hivyo. Peoni na frisia haziuzwi kama mafuta yaliyokamuliwa kwenye ua. Mtengenezaji huzijenga kwa viambato vingine mpaka pua iridhike. Kwa hiyo chupa mbili zilizoandikwa “pichi na peoni” zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa, na jina la tunda peke yake halikuambii mengi.

Viambato vya matunda havina tabia moja. Vile vya peasi na tufaha ni vyepesi, huruka haraka na kuacha ubichi fulani puani. Vile vya pichi ni vizito kidogo, vina ulaini wa maziwa, na hukaa. Halafu kuna ethili maltoli, yenye harufu ya sukari iliyoyeyushwa motoni, ambayo hutiwa ili tunda lisikike limeiva. Hiyo hung'ang'ania, unaweza kuikuta kwenye nguo kesho yake.

Sasa lete joto. Harufu hutufikia kwa kufuka, na ngozi ikipata joto kufuka kunaongezeka kasi. Manukato husikika kwa nguvu zaidi mwanzoni, kisha sehemu nyepesi zinaisha mapema kuliko siku ya baridi. Uchachu na ubichi ndio hutangulia kuondoka. Kinachobaki mwilini ni kile kizito: sukari, vanila, mbao, miski. Ndiyo maana manukato yaliyopendeza asubuhi yanaweza kukuchosha mchana, ingawa hukuongeza hata tone. Hewa yenye unyevunyevu hufanya harufu isikike zaidi na ikae karibu nawe. Joto kavu huyamaliza upesi. Jasho nalo lina mambo yake. Bakteria wa ngozini wakilivunja hutoa harufu ambayo manukato matamu hayaifuniki, yanachanganyika nayo tu. Kuoga kwanza hakuna mbadala wake.

Ukichagua, basi, usiishie kwenye tunda. Tazama kinachobaki chini. Vanila, karameli na pachuli tamu (pachuli ni mmea ambao majani yake hutoa harufu nzito ya udongo) zikiandikwa pamoja, nayaweka pembeni mpaka jioni au msimu wa baridi. Miski nyepesi, mwerezi au chai ni dalili njema. Kwa upande wa matunda, yale machachu au yenye maji mengi huvumilika zaidi: balungi, pasheni, peasi, tikiti. Embe na pichi iliyoiva zinahitaji mkono mwepesi wa aliyeyatengeneza, na wengi hawana mkono huo.

Kujaribu dukani kwa kipande cha karatasi hakusaidii sana. Duka lina kiyoyozi, karatasi haina joto la mwili. Jipulizie kwenye mkono, toka nje, tembea juani, urudi kunusa baada ya saa mbili. Hapo utakuwa umesikia kile utakachoishi nacho.

Kiwango cha mafuta ya harufu nacho kina uzito wake. Kwa kawaida chupa iliyoandikwa eau de toilette huwa na kati ya asilimia 5 na 15, na eau de parfum kati ya 15 na 20, ingawa kampuni hazilingani. Wakati wa joto ile ya kwanza hutosha, na mara nyingi huwa imeundwa kwa kukazia sehemu nyepesi. Mipulizo miwili inatosha pia. Pua huizoea harufu ya mwenyewe baada ya muda mfupi, kwa hiyo kutojisikia si ushahidi kwamba yameisha. Muulize aliye karibu kabla ya kuongeza. Na kusugua viganja baada ya kupulizia? Hakuvunji molekuli kama inavyosemwa, lakini msuguano huongeza joto na kuharakisha zile nyepesi kuondoka, kwa hiyo ni hasara ndogo isiyo na faida.

Kuna jambo la jua ambalo si la harufu. Mafuta ya bergamoti, tunda la jamii ya machungwa, na ya ndimu yaliyokamuliwa kwenye maganda yanaweza kuwa na kemikali zinazochochewa na mwanga wa jua, zikaacha ngozi na madoa meusi au hata majeraha kama ya kuungua. Watengenezaji wengi leo hutumia bergamoti iliyoondolewa kemikali hizo, au huweka kiasi kidogo. Hata hivyo, kama utashinda juani, pulizia kifuani chini ya nguo badala ya shingoni. Ukipulizia nguo yenyewe, anza na upindo wa ndani, hasa ikiwa ni hariri au nyeupe, kwa sababu baadhi ya manukato yana rangi.

Chupa isiachwe dirishani wala ndani ya gari. Joto, mwanga na hewa huharibu kwanza zile sehemu za machungwa na matunda mepesi, yaani zile zile ulizozinunulia kwa ajili ya msimu huo. Kabati lenye giza linatosha.