Kupunguza uchungu wa kujifungua bila dawa: maswali ya akina mama na majibu ya mkunga

Mimba ikishafika miezi saba au minane, mama wengi huacha kuuliza habari za mtoto, wakaanza kujiuliza wenyewe: nitaweza? Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa mara kwa mara na akina mama wanaotaka kupitia uchungu bila sindano ya kutuliza, au kuichelewesha kadiri iwezekanavyo. Majibu haya ni ya mama mwenye mimba isiyo na matatizo. Kama una presha, kovu la upasuaji, pacha au tatizo lolote ulilokwisha kuambiwa kliniki, njia nyingi bado zitakufaa, ila zipitie kwanza na mtoa huduma anayekujua.

Kweli uchungu unapungua bila dawa, au ni kujipa moyo tu?

Unapungua, lakini hauishi. Anayekuahidi kwamba hutasikia kitu anakutayarishia mshtuko.

Mwaka 1965 watafiti wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba taarifa za maumivu hupita kwenye uti wa mgongo mahali panapofanya kazi kama lango. Mguso, joto na mgandamizo vikipita hapo kwa wingi, lango hujifunga kiasi, na maumivu yanayofika kwenye ubongo huwa machache. Ndiyo maana ukijikwaa kidole, mkono huenda kukisugua kabla hujaufikiria. Kwa sehemu kubwa, kukanda, maji ya uvuguvugu na kubanwa nyonga hufanya kazi hivyo.

Kuna pia hofu. Mama akiogopa, misuli hukaza na mwili humwaga adrenalini, homoni ya hofu na mshtuko, na adrenalini nyingi mwanzoni mwa uchungu inaweza kuuzuia mji wa mimba usifanye kazi yake vizuri. Mama huumia na njia haifunguki. Kila kinachomtuliza, hata kufifisha taa na kufunga mlango, kinaingia kwenye hesabu.

Na ujue uchungu hauji kwa mfululizo. Mkazo mmoja huchukua kama dakika moja, ukapanda, ukafika kilele, ukaachia. Hata ukichanganya ukawa unakuja kila dakika tatu, ndani ya saa moja ni mikazo 20, yaani kama dakika 20 za maumivu na 40 za kupumzika. Mama anayejua kuzitumia hizo 40 huenda mbali.

Njia ni nyingi. Ukiambiwa uchague moja tu, ungechagua ipi?

Mtu. Mtu mmoja unayemwamini, asiyekuacha tangu uchungu umekolea mpaka mtoto atoke.

Uchambuzi mkubwa uliotolewa mwaka 2017, uliokusanya tafiti 26 na wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17, ulionyesha kwamba mama mwenye mtu wa kumsaidia muda wote huwa na nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida, uchungu wake huwa mfupi kidogo, na hahitaji sana dawa za maumivu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa huduma wakati wa kujifungua, lilipendekeza kila mama awe na msindikizaji aliyemchagua mwenyewe.

Maneno hayo, “aliyemchagua mwenyewe,” yana uzito. Anaweza kuwa mume, mama mzazi, dada au rafiki. Usimchague kwa sababu atanuna usipomwita. Mchague yule ambaye ukiwa na homa kali unataka akae kando yako. Kisha uliza mapema kama unapokwenda kujifungulia wanamruhusu aingie, na kwa masharti gani, msije mkatenganishwa mlangoni.

Mume wangu atakuwepo, ila anasema hajui ashike nini. Mikono yake ifanye nini?

Mwambie aanze na mfupa ule bapa ulio chini kabisa ya kiuno, juu kidogo ya mpasuo wa makalio. Wewe piga magoti na uegemee kitanda au kiti. Mkazo ukianza, aweke kisigino cha kiganja chake hapo katikati na agandamize, akitumia uzito wa mwili badala ya nguvu za mkono, kwa sababu mkono utachoka kabla ya mkazo wa tano. Asisugue. Agandamize tu na kutulia, mpaka mkazo uachie ndipo alegeze polepole. Mkono mwingine aushike mfupa wa nyonga kwa mbele ili usisukumwe. Mara ya kwanza wengi hugandamiza kwa woga kama wanaogusa yai. Mama atamwambia mwenyewe: zaidi, zaidi, hapo hapo.

Njia ya pili ni kukubana nyonga kwa viganja viwili, kimoja kila upande kwenye nyama ya makalio, akisukuma kuelekea ndani na juu. Hii humfaa sana mama ambaye uchungu wote umemkaa mgongoni, jambo linalotokea mara nyingi mtoto anapokuwa ameelekeza mgongo wake kwenye mgongo wa mama.

Mikazo ikiachia, akukande mabega na mapaja taratibu, akupe maji ya kunywa, akukumbushe kwenda kukojoa kila baada ya saa mbili hivi. Kibofu kilichojaa huongeza maumivu na kinaweza kumzuia mtoto kushuka. Na ajiandae kwa hili: saa moja ulikuwa unataka kukandwa, saa inayofuata utamwambia asikuguse kabisa. Aondoe mkono, abaki pale pale.

Nilale au nitembee?

Tembea, simama, chuchumaa, kaa juu ya mpira mkubwa wa mazoezi na uzungushe nyonga, piga magoti na mikono chini. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2013 yalikuta kwamba akina mama waliokuwa wima au wakitembea walipunguza hatua ya kwanza ya uchungu, yaani muda wa njia kufunguka, kwa zaidi ya saa moja kwa wastani wakilinganishwa na waliolala kitandani, na waliomba ganzi ya mgongo, sindano ya kufisha maumivu inayochomwa mgongoni, mara chache zaidi. Ukichoka, lala kwa ubavu. Kulala chali ndiko ninakokukataza, kwa sababu mji wa mimba huelemea mishipa mikubwa ya damu, nawe unaweza kusikia kizunguzungu na damu inayomfikia mtoto ikapungua.

Hakuna mkao mmoja ulio sahihi. Unaokuuma kidogo ndio wako kwa nusu saa hiyo, kisha badilisha.

Nimesikia kuna namna maalumu ya kupumua. Ni ipi?

Zipo nyingi zinazofundishwa, na nyingine zimejaa hesabu ambazo hakuna anayezikumbuka uchungu ukichanganya. Mimi hufundisha jambo moja: toa pumzi polepole kuliko unavyoivuta. Vuta kwa pua, toa kwa mdomo uliolegea kama anayepuliza uji wa moto. Legeza taya. Ukikaza taya, mara nyingi na sehemu za chini zimekaza. Ukitaka kutoa sauti, toa, ila iwe nzito ya kutoka kifuani, maana sauti kali ya kooni hukaza mwili.

Ukisikia vidole au midomo inachonyota kama imekufa ganzi, unapumua haraka mno. Msindikizaji akutazame usoni apumue polepole pamoja nawe, itapita.

Maji ya uvuguvugu je?

Kama pana bafu la manyunyu, acha maji yakumwagikie kiunoni kwa muda unaoutaka. Kama lipo beseni kubwa la kukaa ndani, akina mama wanaokaa kwenye maji katika hatua ya kwanza huhitaji ganzi ya mgongo mara chache kidogo, na sijaona kinacholegeza mabega ya mama haraka hivyo. Maji yasizidi nyuzi joto 37.5, na yapimwe tena kila saa, kwa sababu joto la mama likipanda na la mtoto hupanda. Usiingie ukiwa na homa, ukitokwa na damu, au kama umechomwa sindano ya maumivu inayoleta usingizi ndani ya saa mbili zilizopita.

Pasipo na beseni, taulo lililochovywa maji ya moto na kukamuliwa vizuri linatosha. Liwekwe kiunoni au chini ya tumbo. Anayeliweka aligusishe kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono wake mwenyewe, kwani mama aliye katikati ya mkazo anaweza kuungua asijue. Wakati wa kusukuma, mkunga akikuwekea kitambaa cha uvuguvugu kwenye msamba, sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, hupunguza hatari ya kuchanika vibaya. Mwombe, hata kama hajakuambia.

Kuna sindano ya maji matupu ya mgongoni. Ni dawa?

Si dawa. Ni maji safi yaliyotakaswa, kiasi kidogo mno, yanayochomwa chini tu ya ngozi sehemu nne za kiuno. Yanachoma vikali kwa nusu dakika hivi, kisha maumivu ya mgongo yanaweza kupungua kwa saa moja au mbili. Hayagusi maumivu ya tumbo. Hufanywa na mtoa huduma aliyefundishwa tu.

Muziki, manukato, vifaa vya umeme?

Muziki ndiyo, kama unaupenda. Manukato, ushahidi wake ni mdogo, na harufu uliyoipenda jana inaweza kukutapisha siku hiyo. Kifaa cha TENS, kinachobandikwa mgongoni na kupitisha umeme mdogo, baadhi ya akina mama hukisifu mwanzoni mwa uchungu ingawa tafiti hazijaonyesha faida kubwa. Kisitumike ndani ya maji wala na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Usinywe chochote cha kuharakisha uchungu, kiwe cha dukani au cha mitishamba, bila mtoa huduma kukuagiza. Mikazo ikizidi nguvu inaweza kuchana mji wa mimba.

Nikishindwa nikaomba dawa, nitakuwa nimeharibu?

Hapana. Hapa nasema kwa msisitizo kwa sababu nimeona akina mama wakilia siku ya pili, si kwa maumivu bali kwa aibu waliyotiwa na watu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyekaa nje ya chumba asikupimie. Ganzi ya mgongo, pale inapopatikana, hupunguza maumivu kuliko yote niliyoyataja hapa. Uchungu ukianzishwa kwa dripu, ukichukua siku nzima, au ukiwa hujalala usiku mbili, kuomba dawa ni uamuzi wa busara.

Ila ujue kitu kimoja. Njia ikikaribia kufunguka sentimita 10, mama wengi hutetemeka, hutapika, husema “siwezi tena, nipelekeni nyumbani.” Mara nyingi mtoto yuko karibu. Ukifika hapo, omba upimwe kwanza, kisha uamue.

Ni maumivu gani nisiyavumilie?

Yasiyoachia. Tumbo likibaki gumu na kuuma hata kati ya mikazo, mwite mtoa huduma papo hapo. Hali kadhalika damu nyingi, kichwa kinachouma sana pamoja na macho kuona ukungu, homa, maji ya chupa ya uzazi yenye rangi ya kijani au harufu mbaya, au mtoto kupunguza kucheza.

Nimebakiza wiki nne. Nianze wapi?

Chagua mambo matatu tu, na angalau moja lihitaji mikono ya msindikizaji wako. Yaandike kwenye karatasi ya kumpa mkunga ukifika, pamoja na usilolitaka, kwa mfano kuguswa tumbo au watu wengi chumbani.

Kisha jioni, wewe na msindikizaji, shikeni kipande cha barafu kila mmoja kwa dakika nzima. Mara ya kwanza shikeni kimya, mkitazama saa. Mara ya pili toeni pumzi polepole, taya imelegea, yeye akikugandamiza kiuno kwa mkono wake mwingine. Badilisheni mkono, mrudie. Mkifanya hivyo kila siku kwa wiki mbili, siku hiyo hatakuuliza ashike wapi.