Masurufu si posho

Masurufu ni fedha anayokabidhiwa mtumishi au mwanachama ili akafanye kazi iliyoidhinishwa, kwa sharti kwamba kazi ikiisha atarejesha stakabadhi za alichotumia pamoja na salio. Ningeishia hapo kama nisingekuwa nimetoka juzi kuwezesha mafunzo ya asasi ndogo za kiraia, siku tatu za kuandika maandiko ya miradi, uchechemuzi (yaani kushawishi mabadiliko ya sera) na usimamizi wa fedha, ambako tangu chai ya asubuhi ya siku ya kwanza hadi kugawa vyeti nilisikia washiriki wakiulizana "masurufu yanatoka lini?", wakimaanisha posho yao ya kuhudhuria.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, kutoka mzizi wa herufi swadi, rei na fei, wenye maana ya kugeuza kitu au kukielekeza upande mwingine, na kwa habari ya fedha, kuibadilisha au kuitumia. Mzizi huohuo umetupatia sarafu, na umetupatia sarufi, ambayo kwa Waarabu ni elimu ya namna neno linavyogeuka umbo. Ma- ya mwanzo, basi, si kiambishi chetu cha wingi. Imekuja na neno kutoka Uarabuni, ingawa Kiswahili kimelipokea kwa masikio yake na kusema "masurufu haya", na ndiyo sababu mhasibu mmoja aliponiletea hati iliyoandikwa "surufu moja ya mafuta" nilicheka kwanza, kisha nikaisaini.

Katika mafunzo hayo mzee mmoja alisimama akatueleza kwamba masurufu na israfu ni ndugu wa tumbo moja, na ukumbi mzima ukaangua kicheko cha kukubali. Kwa bahati mbaya si ndugu. Israfu, yaani ubadhirifu, inatokana na mzizi wenye sini badala ya swadi, na ni Kiswahili, kisichotenganisha sauti hizo mbili, kilichoyafanya maneno hayo yafanane. Nasema kwa bahati mbaya kwa sababu utani wake ulikumbukwa kuliko somo langu lote la asubuhi.

Mkanganyiko wa masurufu na posho una historia inayoeleweka, kwa kuwa maneno haya mawili yamesafiri njia moja. Katika Kiswahili cha zamani masurufu yalikuwa mahitaji ya safari, chakula na matumizi ya njiani, na katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, posho ilikuwa mgawo wa mpagazi, wa chakula chenyewe au wa nguo na shanga za kununulia chakula. Uganda mpaka leo posho ni ugali. Lakini hata wakati huo mgawo wa mpagazi ulikuwa wake, akiula leo au akiubakiza kesho ni shauri lake. Masurufu, kwa maana ambayo wahasibu wa Tanzania wameyapa, hayajawahi kuwa ya mtu aliyeyabeba.

Siku hizi vitu hivi viwili vinakutana ndani ya bahasha moja, na hapo ndipo uzushi unapozaliwa. Chukulia afisa mradi anayekwenda kuendesha mkutano wa siku mbili katika kata, akapewa shilingi 1,200,000. Ndani yake mna shilingi 160,000 za posho yake ya kujikimu, 80,000 kwa siku, na shilingi 1,040,000 za ukumbi, chakula, mafuta na nauli za washiriki. Ile posho imelipwa kwa kiwango, na ushahidi wake ni kwamba amesafiri. Akilala kwa shemeji yake na kula wali wa shemeji, hakuna wa kumdai kitu. Zile nyingine ataziletea stakabadhi na orodha ya nauli yenye saini, tuseme za shilingi 955,000, na shilingi 85,000 zilizobaki atazirudisha benki na kuambatisha hati ya kuweka fedha.

Mweka hazina wa kikundi kimoja cha akina mama aliniuliza swali ambalo wengi wanaona haya kuliuliza: "Mwalimu, hela imeshatoka benki, mbona mnasema haijatumika?" Nilimjibu kwamba imehama mfuko tu. Bado ni mali ya asasi, na mpaka hesabu zirudi, jina la aliyeichukua linakaa katika daftari la masurufu kama jina la mdaiwa mwingine yeyote. Asasi inayoandika shilingi 1,200,000 zote kuwa matumizi siku ile ile bahasha inapotoka imempelekea mfadhili taarifa isiyo ya kweli, hata kama hakuna aliyeiba, kwa sababu shilingi 85,000 bado ziko kwenye droo ya mtu.

Jambo hili linaniudhi zaidi kwa asasi za uchechemuzi, ambazo husoma ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, hukuta hoja za masurufu yasiyorejeshwa katika halmashauri, na kwa haki kabisa huzihoji. Sheria Na. 24 ya mwaka 2002 inayataka mashirika yasiyo ya kiserikali nayo yawe na hesabu zilizokaguliwa, na mkaguzi wao akifungua daftari hukuta masurufu ya mkutano wa Machi yakiwa yananing'inia mwezi Novemba, jina ni la mwenyekiti.

Kwa hiyo, ndugu makatibu, kwenye muhtasari msiandike "alilipwa masurufu". Masurufu hukabidhiwa na kurejeshwa, posho ndiyo inayolipwa, na kila moja ipewe mstari wake katika hati ya malipo hata kama bahasha ni moja. Na yule aliyeniuliza masurufu yanatoka lini, nilimjibu kwa upole kwamba yalikwishatoka tangu Ijumaa. Yalikabidhiwa kwa mratibu wa mafunzo, ambaye wakati huo alikuwa jikoni anamsihi mama lishe amwandikie stakabadhi ya chai tuliyokuwa tunakunywa.