Mbwa wa Pavlov wanaeleweka nusu: kinachofundisha ni mshangao

Ukitaja nadharia za kujifunza, wengi hukimbilia mbwa wa Pavlov: kengele inalia, chakula kinaletwa, na baada ya muda mbwa anatokwa na mate kwa kusikia kengele tu. Kisa chenyewe ni cha kweli. Ivan Pavlov, mwanafiziolojia Mrusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake wa mmeng'enyo wa chakula, aliwafanyia mbwa upasuaji mdogo uliotoa mfereji wa mate nje ya shavu, akawa anapima mate tone kwa tone. (Kengele imepewa sifa kuliko inavyostahili, maabarani mwake metronomu, kifaa kinachogonga mdundo sawasawa, ilifanya kazi kubwa.) Ninachobishana nacho ni funzo linalochotwa humo na kufundishwa madarasani mpaka leo, kwamba vitu viwili vikitokea pamoja mara nyingi, ubongo huviunganisha, basi.

Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Rescorla alichapisha jaribio lililoonyesha kwamba hesabu hiyo haikamiliki. Panya walisikizwa mlio, na mara nyingine mlio ukiendelea walipigwa shoti ya umeme miguuni. Kundi moja lilipigwa wakati wa mlio tu. Kundi jingine lilipigwa vilevile wakati wa mlio, lakini likaongezewa shoti nyingine wakati wa kimya, kiasi kwamba uwezekano wa kupigwa ukawa sawa, mlio uwepo usiwepo. Kundi la kwanza liliuogopa mlio, la pili halikushughulika nao. Makundi yote mawili yalikutana na mlio na shoti kwa pamoja, ila kwa kundi la pili mlio haukutabiri chochote.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la mwanasaikolojia Leon Kamin, la miaka hiyohiyo. Panya anafundishwa kwanza kubonyeza kipini ili apate chakula, naye hubonyeza bila kuchoka. Akiingiwa na hofu, anaganda na mkono wake unaacha kipini. Hicho ndicho kipimo cha hofu: hakuna haja ya kumuuliza panya anajisikiaje, unahesabu amebonyeza mara ngapi. Kamin aliwazoesha panya kwamba kelele fulani hufuatwa na shoti. Walipokwisha kulishika hilo, akaongeza taa: sasa kelele na taa vinakuja pamoja, kisha shoti ileile. Mwishoni akawasha taa peke yake. Panya wakaendelea kubonyeza kipini kana kwamba hakuna kitu. Wenzao walioanza moja kwa moja na kelele pamoja na taa waliiogopa taa vizuri tu.

Taa iliambatana na shoti tena na tena, isifundishe kitu, kwa sababu kelele ilikuwa imekwisha kutoa taarifa yote. Shoti haikumshangaza panya, na asiyeshangaa hana cha kurekebisha. Rescorla na Allan Wagner waliliweka wazo hili katika mlinganyo mwaka 1972: kiasi cha kujifunza katika kila tukio hutegemea tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea. Tofauti ikifika sifuri, kujifunza kunasimama, hata ukirudia mara elfu.

Baadaye alama ya hesabu hiyo ilionekana ndani ya ubongo. Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alirekodi seli za dopamini (kemikali inayopeleka ishara kati ya seli za ubongo) za nyani waliokuwa wakipewa maji ya matunda. Mwanzoni seli zililipuka kwa shughuli maji yalipofika. Nyani alipojua ishara inayotangulia, mlipuko ulihamia kwenye ishara, na maji yenyewe yakapita bila seli kustuka. Maji yakikosekana, shughuli ya seli ilishuka chini ya kawaida, tena wakati uleule ambao yangefika. Kwa hiyo wanaoiita dopamini kemikali ya raha wanairahisisha mno.

Kanuni hii nayo ina mipaka yake. John Garcia na Robert Koelling walionyesha mwaka 1966 kwamba panya aliyeugua baada ya kunywa maji yenye ladha, huku taa zikimulika na mlio ukisikika, huja kuikwepa ladha. Akipigwa shoti, hukwepa taa na mlio. Kila mnyama huja duniani akiwa tayari kuhusisha baadhi ya mambo upesi na mengine kwa shida. Utafiti mwingine wa Garcia uliongeza kwamba ladha huhusishwa na ugonjwa hata zaidi ya saa moja ikipita katikati, jambo ambalo wataalamu wengi wa wakati ule walikataa kuliamini.

Swali ninaloulizwa sana na wanaosumbuliwa na hofu ni kama hofu iliyofundishwa inaweza kufutwa. Pavlov mwenyewe aliona kwamba mate yaliyokwisha kukatika, kwa sababu ishara haikufuatwa tena na chakula, hurudi baada ya mapumziko. Mark Bouton ameonyesha kwa miaka mingi kwamba hofu iliyotulizwa katika chumba kimoja huibuka mnyama akihamishiwa chumba kingine. Funzo la zamani halifutiki. Juu yake huwekwa funzo jipya, lililofungamana na mahali lilipopatikana.

Hii ndiyo sababu tiba ya kumkutanisha mtu na anachokiogopa haiishii kwenye kumzoesha. Tabibu anayeifuata nadharia hii humwomba mtu aseme kabla ya zoezi ni nini hasa anatarajia kitatokea: "lifti itakwama nami nitakosa pumzi". Kisha hupanga zoezi ambalo utabiri huo una nafasi ya kuvunjika waziwazi. Baada yake huuliza, "Ulitarajia nini, na umeona nini?" Zoezi lifuatalo hufanyika kwenye lifti nyingine, katika jengo jingine, saa tofauti, na safari hii bila tabibu.