Dawa zako hazikunyang'anyi mtoto

"Daktari, dawa nimeacha ili ukinipima unikute mzima." Wazazi wanaoletwa kwangu na mahakama katika kesi za ulezi wa watoto wananiambia hivi mara nyingi mno, na kila nikiisikia kauli hiyo inaniuma. Wanaamini mwenye ugonjwa wa akili hapewi mtoto, basi bora vidonge vifichwe.

Si kweli. Mahakama inatafuta maslahi ya mtoto, nami kazi yangu ni kueleza hali ya mzazi inavyogusa malezi. Mtoto anakula? Anafika shule? Mzazi akizidiwa, nani anabaki naye? Jina la ugonjwa halijibu hata swali moja kati ya hayo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 23, unakataza mtoto kutenganishwa na mzazi kwa sababu ya ulemavu wa mzazi, na ulemavu wa muda mrefu unaotokana na ugonjwa wa akili umo ndani yake.

Sasa tazama mzazi huyu anavyojiumiza. Anayekatisha ghafla litiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, yumo hatarini kurudiwa na mania, yaani hali ya kuchangamka kupita kiasi hadi kupoteza busara. Aliyeacha dawa za sonona kwa mkupuo anaweza kufika kwangu na kizunguzungu, hajalala, hasira ziko karibu. Hayo ndiyo nitakayoyaona, na ndiyo nitakayoyaandika. Isitoshe, mahakama inaweza kuagiza rekodi za hospitali, na aliyeficha hapo huwa amepoteza kuaminika hata katika mambo aliyosema kweli. Mzazi anayezijua dalili zake za mwanzo, hakosi kliniki, na ana ndugu anayejua la kufanya hali ikibadilika, huyo ananipa mengi mazuri ya kuandika. Njoo na dawa zako mkononi! Ukitaka kuzipunguza, zungumza na daktari anayekutibu, tena usizipunguze katikati ya kesi.

Wengine hudhani mazungumzo yetu ni siri. Hapana. Mimi si daktari wako. Ripoti yangu husomwa na mahakama na mawakili wa pande zote mbili. Ndiyo maana anayekutibu hapaswi kuwa ndiye anayekutathmini.

Wapo wanaokariri majibu ya dodoso. MMPI-2, dodoso la kupima haiba na afya ya akili, ina kauli 567, na baadhi ya vipimo vyake vimewekwa makusudi kumwonyesha anayejipamba. Jibu ulivyo.

"Mtalaka wangu ndiye mgonjwa, liandike hilo." Siandiki ugonjwa wa mtu nisiyempima. Na ukimaliza saa nzima ukimshtaki mwenzako bila kumtaja mtoto, hilo nalo linaingia kwenye ripoti.

Wala siamui mimi. Natoa maoni tu. Hakimu anaweza kuyakubali yote, sehemu, au kuyaweka kando, na wakili wako ana haki ya kunihoji juu ya kila aya niliyoandika.