Mtego wa kufuatilia wadudu ni nini?

Ni mtego unaowekwa bustanini ili mkulima ajue wadudu gani wameingia, na kama wanaongezeka au wanapungua. Kuwamaliza ni kazi nyingine, na wengi hulaumu mtego kwa kazi ambayo haukupewa.

Chukua kantangaze, nondo mdogo wa kijivu mwenye asili ya Amerika Kusini, aliyeripotiwa Tanzania mwaka 2014. Viwavi wake hutoboa jani la nyanya na kula nyama yake kwa ndani, wakiacha ngozi tupu. Mkulima wa Magu au Igombe, huku Mwanza kando ya Ziwa Victoria, anapoona mabaka hayo, dawa ya kunyunyiza juu ya jani haiwafikii vizuri. Mtego wake ni kibanda cha plastiki cha pembetatu, chini kuna karatasi ya gundi, na juu yake kipira chenye feromoni, yaani harufu ya jike. Dume huja akitafuta mchumba, ananasa. Jike haji. Yeye hubaki shambani, na mmoja anaweza kutaga mayai hata 260. Kwa hiyo madume yakianza kunasa, anza kukagua majani siku hiyohiyo.

Nzi weupe na vidukari wenye mabawa hufuatiliwa kwa kadi za njano zenye gundi. Vithiripi, wale wadudu wembamba wadogo sana, hupenda bluu. Kadi ikae juu kidogo ya vilele, nawe uipandishe mimea inavyorefuka.

Mtego wa taa, huku ufukweni, mimi singeupendekeza. Ule msimu wadudu wa ziwani wanapopaa kama moshi, asubuhi utakuta beseni la maji lililo chini ya taa limejaa wao, na hata mchicha hawali.

Hesabu siku ileile kila wiki, uandike, kisha uwatoe waliokwisha kuhesabiwa. Nondo kumi peke yao hawasemi mengi. Wiki hii wawili, ijayo kumi, inayofuata arobaini: hapo mwite bwana shamba.

Na mtego ukikaa mtupu, usishangilie haraka. Kipira huisha nguvu, mara nyingi baada ya wiki nne hadi sita, na jua kali hukimaliza mapema zaidi. Gundi nayo ikishika vumbi hainasi tena. Badilisha vyote viwili kwanza, ndipo uiamini sifuri yako.