Kabla ya kuomba asidi ya hidrofloriki kwa ajili ya fuwele za titani dioksidi

Maombi ya asidi ya hidrofloriki tunayopokea kutoka kwa wanafunzi wa vyuo yanaongezeka, na mengi yana sababu moja: kutengeneza chembe bapa za titani dioksidi, aina ya anatasi. Kisayansi sababu hiyo ina mashiko. Fuwele inapokua, uso unaokua haraka hutoweka na unaokua polepole hubaki. Anatasi ikiachwa yenyewe huchongoka juu na chini, imezungukwa na nyuso za 101, yaani zile za mshazari. Floridi iliyomo kwenye asidi hii ikijibandika kwenye nyuso za 001, yaani zile bapa za juu na chini, huzituliza, na fuwele inakuwa bapa. Mwaka 2008 watafiti walipata fuwele ambazo nyuso hizo za 001 zilikuwa asilimia 47 ya eneo lote la nje.

Linalotusumbua ni maneno tunayoyasoma kwenye fomu kila mara: "ni asidi dhaifu". Jamani, udhaifu huo ni wa kuachia hidrojeni kwenye maji tu. Ikiwa imezimuliwa hupenya ngozi bila kuunguza papo hapo. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, wakati floridi imeshaanza kukamata kalsiamu mwilini, na moyo unaweza kusimama. Tumewahi kuletewa sampuli kwenye chupa ya kioo. Asidi hii hula kioo.

Kwa Tanzania, sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003 inataka anayeshughulika na kemikali asajiliwe, na kila mzigo unaoingia nchini uwe na kibali. Barua ya mkuu wa idara haichukui nafasi ya usajili. Ombi lieleze kiasi, mahali pa kuhifadhi, msimamizi, na namna mabaki yatakavyoteketezwa. Ambatisha karatasi ya maelezo ya usalama wa asidi hiyo, na onyesha kwamba jeli ya kalsiamu glukoneti, ya kupaka ngozi iliyoguswa na asidi, ipo maabara, haijapitwa na muda. Anayekiuka anaweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili.

Wengi wenu lakini mnataka kujifunza kudhibiti umbo, na kwa hilo zinki oksidi inatosha. Pasha zinki nitrati na heksamini kwenye maji, nyuzi 90 hivi: fuwele hurefuka kama vijiti. Rudia ukiongeza sodiamu sitrati kidogo. Sitrati hukaa kwenye ncha, urefu unazuiwa, unapata visahani. Kwa macho ni unga mweupe uleule. Tofauti mtaiona kwenye hadubini ya elektroni.